Kupaka Rangi na Kuviwekea Vitako Visanamu vya Milimita 10 kwa Gharama Ndogo: Majeshi ya Mapigano ya Tanga, 1914

Mtu anayetaka kuyarudia mezani, kwa mchezo wa vita unaochezwa kwa visanamu, Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 hukutana na tatizo la idadi kabla hajakutana na tatizo la rangi. Meja Jenerali Arthur Aitken wa Uingereza alifika na kikosi cha watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Jeshi la India, na kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliulinda mji kwa watu wapatao 1,000 tu. Kwa visanamu vya milimita 28, ambavyo ndivyo vinavyoonekana zaidi kwenye picha, majeshi hayo yangekula mshahara wa miezi kadhaa na yasingeenea kwenye meza ya nyumba ya kawaida. Kwa milimita 10, yaani kisanamu ambacho kutoka unyayo hadi jicho kina urefu wa sentimita moja, mapigano yote yanaingia juu ya meza ya kulia chakula, na gharama yake mtu anaweza kuigawanya kidogo kidogo.

Lakini ukubwa huu una kanuni yake, na maelekezo yote yaliyomo humu yanatokana nayo: mchezaji hutazama kikosi, hamtazami mtu mmoja. Jicho lake liko umbali wa karibu mita moja kutoka kwenye meza. Kifungo cha shati na kope za macho hazionekani kutoka hapo. Kinachoonekana ni tofauti ya mwanga na kivuli, rangi kuu ya sare, umbo la kofia na ardhi ambayo askari wamesimama. Anayeelewa hivyo mapema hununua rangi chache, hutumia muda mfupi, na jeshi lake hupendeza kuliko la mtu aliyehangaika na nyuso.

Hesabu kabla ya kununua

Chukulia kwamba kisanamu kimoja kinawakilisha watu 20. Kikosi kizima cha Lettow-Vorbeck kinahitaji visanamu kama 50, na cha Aitken kama 400. Kampuni moja ya jeshi la Kijerumani, iliyokuwa na watu kati ya 160 na 200, inakuwa visanamu tisa vilivyopangwa juu ya vitako vitatu, yaani vibao vidogo vya kuvisimamishia, visanamu vitatu kwa kila kitako. Bataliani ya Kihindi yenye watu wapatao 700 inakuwa visanamu 36 juu ya vitako 12.

Usinunue vyote kwa mpigo. Nunua kampuni moja ya askari wa Kijerumani, yaani Waafrika waliopigana chini ya maofisa wa Kijerumani, na nusu bataliani ya Kihindi, uvimalize kabisa, vitako vikiwemo, kisha ndipo uagize vingine. Visanamu vya chuma vya ukubwa huu huuzwa kwa pakiti na kampuni ndogo za nje, nyingi zikiwa Uingereza, ambako Pendraken ni mojawapo ya majina yanayojulikana sana kwa milimita 10. Kwa kuwa nauli ya posta huweza kuizidi bei ya visanamu vyenyewe, watu wawili au watatu wakiagiza pamoja huokoa fedha nyingi zaidi kuliko wangeokoa kwa kutafuta rangi ya bei ya chini. Mwenye rafiki aliye na mashine ya kuchapisha vitu vya pande tatu anaweza pia kununua faili mara moja na kuchapisha jeshi lote, mradi visanamu vya resini vioshwe na kukomazwa barabara kwa mwanga wa UV kabla ya kushikwa kwa mikono mitupu.

Vifaa

Fedha yako ya kwanza iende kwenye brashi moja nzuri ya namba 1, yenye ncha iliyochongoka na tumbo linaloshika rangi. Wanaoanza hukimbilia brashi nyembamba kupita kiasi, na hizo huwasumbua kwa sababu rangi hukaukia kwenye ncha kabla haijafika kwenye kisanamu. Zaidi ya hiyo, nunua brashi mbili za wanafunzi za bei ya chini kabisa kwa kazi za kusugua, kupaka gundi na kuchanganyia. Brashi nzuri isizamishwe hadi kwenye chuma chake, ioshwe kwa sabuni ya mche kila jioni, na ihifadhiwe ikiwa imesimama, ncha juu.

Rangi za akriliki zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule zinatosha. Unahitaji nyeupe, nyeusi, kahawia iliyokolea, manjano ya udongo, nyekundu, buluu, kijani na ya fedha. Rangi hizi chembe zake ni nene kuliko za visanamu, kwa hiyo kila mara ziongezewe maji kidogo na zipakwe tabaka mbili nyembamba, kwa sababu tabaka moja nene huziba mikunjo yote ya nguo.

Kwenye joto la pwani akriliki hukauka juu ya kibao ndani ya dakika chache, na hapo ndipo rangi nyingi hupotea bure. Chukua mfuniko wa chombo cha plastiki cha chakula, tandaza ndani yake karatasi za jikoni zilizoloweshwa, juu yake weka karatasi ya kuokea keki, na rangi yako uiweke juu ya karatasi hiyo. Unyevu utapanda polepole na kuiweka rangi laini kwa saa nyingi. Ukiufunika usiku, mchanganyiko wa kaki ulioupata leo utaukuta kesho. Kwa mtu anayepaka sare 200 za rangi moja, jambo hili lina thamani kubwa kuliko rangi yoyote ya ghali.

Kusafisha na kuvigandisha

Visanamu vya chuma hutoka kiwandani vikiwa na mstari mwembamba mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na pengine vijiti vidogo vya chuma kilichomwagika. Ondoa vijiti kwa wembe, kisha sugua mstari kwa tupa ndogo au kipande cha msasa laini, ukianzia kwenye kofia na mabega, kwa kuwa hapo ndipo mwanga unapoangukia. Chini ya tumbo na kati ya miguu usijisumbue. Baada ya hapo vioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, uviache vikauke. Baadhi ya visanamu, hasa vya zamani, vina madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani ya mchanganyiko wa chuma chake. Osha mikono baada ya kazi, usile wakati wa kuvisugua, na vumbi la tupa ulifute kwa kitambaa kibichi badala ya kulipuliza.

Vigandishe kwa tone la gundi nyeupe ya mbao juu ya vijiti vya aiskrimu, vitano au sita kwa kila kijiti, ukiacha nafasi ambayo brashi inaweza kupita. Sasa unashika kijiti bila kukigusa kisanamu, na unapaka safu nzima kwa mkupuo mmoja.

Tabaka la msingi

Kopo moja la praima ya magari, la kupuliza, linatosha kwa mamia ya visanamu vya ukubwa huu, nalo hushika kwenye chuma kuliko rangi ya ukutani. Pulizia nje, kivulini, ukiwa umefunika pua na mdomo, kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa kupitisha mkono haraka mara kadhaa badala ya kusimamia mahali pamoja. Siku ya mvua ya masika usipulize kabisa: unyevu wa hewa ukizidi, praima huvimba kama unga na vanishi huacha ukungu mweupe ambao ni vigumu kuuondoa.

Praima ikikauka, iwe nyeusi au ya kijivu, paka visanamu vyote kahawia iliyokolea iliyotiwa maji. Kahawia hii ndiyo itakayobaki kwenye mikunjo, chini ya mikanda na kati ya mikono na kiwiliwili, na kwa sare za kaki ni kivuli cha asili zaidi kuliko nyeusi tupu.

Kaki kwa brashi kavu

Changanya sehemu mbili za manjano ya udongo, sehemu moja ya nyeupe na kahawia kidogo sana. Mchanganyiko ukionekana mchangamfu kupita kiasi, tone dogo la kijani litaupunguza. Chukua brashi ya bei ya chini yenye nywele fupi, ichovye, kisha ifute kwenye karatasi mpaka ionekane haina rangi, halafu sugua kisanamu kutoka juu kwenda chini. Rangi hushika miinuko pekee na kuiacha kahawia chini yake. Rudia mara ya pili kwa kaki iliyoongezwa nyeupe, safari hii ukigusa mabega, kofia na magoti tu.

Usiogope kuifanya kaki iwe nyeupe kuliko nguo halisi. Kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kitu kikubwa cha rangi ileile, na kikosi kilichopakwa rangi sahihi ya kitambaa hugeuka kuwa doa la matope ukisimama mita moja kutoka mezani.

Nyuso na mikono

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa hutoa hatua tano za ngozi ya Mzungu na neno moja, “kahawia”, kwa watu wengine wote. Katika mapigano haya askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika na Wahindi, na ngozi zao zinastahili uangalifu uleule.

Kwa askari wa Kiafrika anza na kahawia iliyokolea yenye nyekundu kidogo sana. Kwa mwanga, ongeza manjano ya udongo pamoja na nyekundu kidogo, usiongeze nyeupe, kwa kuwa nyeupe huifanya ngozi ionekane ya majivu. Mguso mmoja kwenye pua, mmoja kwenye kila shavu na mmoja kwenye vifundo vya vidole vinatosha. Badilisha mchanganyiko kidogo baada ya kila visanamu vitatu au vinne, kwa sababu askari wa Kijerumani waliandikishwa kutoka makabila na nchi mbalimbali, na kampuni yenye ngozi moja kabisa huonekana ya bandia. Kwa Wahindi, anza na kahawia ya wastani yenye manjano zaidi. Kwa Waingereza na Wajerumani, changanya nyeupe, manjano ya udongo na nyekundu, juu ya kahawia iliyoachwa ionekane chini ya kofia na kwenye shingo. Macho usiyapake. Kivuli chini ya kofia ndiyo macho yenyewe.

Sare na silaha

Askari wa Kijerumani alivaa kaki na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, mara nyingi chenye kipande kinachoshuka kulinda shingo, na tai wa chuma mbele, ambaye kwa ukubwa huu ni nukta moja ya fedha. Miguuni alizungushia vitambaa kutoka kifundo hadi chini ya goti, mara nyingi vya buluu ya kijivu, na mstari huo wa buluu ndio utakaovitofautisha vikosi vyako mezani, kwa hiyo uufanye wazi. Mikanda na vifuko vya risasi ni vya ngozi ya kahawia. Maofisa wa Kijerumani walivaa helmeti ya kaki au kofia pana iliyokunjwa upande mmoja.

Bataliani za Kihindi, kama vile Rajput wa 13, Grenadier wa 101 na Infantry ya 98, zilipigana kwa sare za kaki, na vilemba vya kaki ndivyo vinavyoonyesha upesi kwamba huyu si askari wa upande mwingine. Vilemba vipe kaki yenye manjano zaidi kuliko shati, halafu chora mistari miwili myembamba ya kahawia kufuata mizunguko yake. Bataliani ya Kiingereza, Loyal North Lancashire, ilivaa helmeti kubwa za kaki. Vikosi vya King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, havikuwepo Tanga. Anayetaka kuvipaka kwa mapigano ya miaka iliyofuata ana kielelezo kikubwa kuliko picha yoyote, nacho ni Sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927. Asimame mbele yake aangalie jinsi uzito wa mwili ulivyoegemea mbele na mahali mwanga wa mchana unapoangukia.

Mbao za bunduki ni kahawia yenye nyekundu, mtutu ni nyeusi iliyochanganywa na fedha kidogo. Singe ipakwe fedha safi, kwa sababu safu ya singe zinazong'aa huonekana hata kutoka upande wa pili wa chumba.

Kivuli, mwanga, vanishi

Rangi nyepesi ya kivuli huuzwa kwa bei kubwa katika vichupa vidogo, na unaweza kuitengeneza. Changanya sehemu moja ya kahawia iliyokolea, sehemu moja ya vanishi ya maji isiyong'aa na sehemu nane za maji, kisha dondoshea tone moja la sabuni ya vyombo ili itiririke kwenye mikunjo badala ya kusimama juu yake. Ukitumia maji peke yake rangi itakauka na kuacha miduara kama ya kahawa mezani. Paka visanamu vyote mara moja na ufyonze dimbwi lolote kwa brashi kavu. Ikikauka, rudisha mwanga kwa kugusa kilele cha kofia, mabega na mkono wa juu kwa kaki nyeupe-nyeupe. Hatua hii ya mwisho huchukua nusu dakika kwa kila kisanamu, nami naiona ndiyo inayolipa kuliko zote.

Maliza kwa tabaka mbili nyembamba za vanishi ya maji isiyong'aa, kwa brashi. Mikono ya wachezaji ina jasho na mafuta, na bila vanishi ncha za singe hurudi kuwa chuma kitupu baada ya michezo michache.

Vitako

Tumia kipimo kimoja cha upana kwa majeshi yote. Mimi hupendekeza milimita 40 kwa upana na 20 hadi 30 kwa kina, kwa sababu upana wa milimita 40 umezoeleka katika kanuni nyingi za michezo. Fundi seremala ana mabaki ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 3 ambayo hutupwa, naye huyakata kwa malipo madogo. Kadibodi nene hufaa pia, ila hupinda gundi ya maji ikikauka juu yake. Ipake gundi pande zote mbili na uikandamize chini ya vitabu usiku kucha.

Askari wa Kijerumani wasimame kwa kutawanyika, mmoja amepiga goti, mwingine amesogea mbele. Wahindi waliosonga mbele wapange karibu zaidi, katika mstari. Mpangilio huo pekee humwambia mchezaji ni nani anayeshambulia na ni nani anayelinda.

Mapigano yalipita kwenye mashamba na vichaka kati ya Ras Kasone na mji, mwezi Novemba, wakati wa vuli. Kwa hiyo ardhi isiwe jangwa. Funika kitako kwa gundi ya mbao na ukinyunyizie mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai. Mchanga wa ufukweni uusuuze mara kadhaa kwa maji baridi, maana chumvi hutoka juu ya rangi baada ya miezi na kuacha unga mweupe. Paka kahawia yenye wekundu, kisha brashi kavu ya manjano ya udongo. Kwa majani mafupi, chukua vumbi la mbao laini, lichanganye na rangi ya kijani iliyotiwa maji, likaushe juani juu ya gazeti, halafu lipachike kwa mabaka, usifunike kitako chote. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika hupendeza pia, lakini yasipokaushwa hadi yakatike mkononi huota ukungu.

Kwa nyasi ndefu hakuna kitu kinachoshinda katani, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alilileta Tanganyika mwaka 1893 na ambalo Tanga inajulikana kwalo hadi leo. Kamba moja ya katani itakuhudumia miaka. Fumua nyuzi, kata kipande cha sentimita mbili, chovya ncha yake kwenye gundi, kisimamishe juu ya kitako, na kikishakauka kipunguze hadi milimita nne au tano. Paka chini kijani, uache ncha na rangi yake.

Minazi hutengenezwa kwa waya uliozungushiwa uzi wa kushonea na kupakwa gundi, majani yakiwa karatasi iliyokunjwa katikati na kukatwa kingo. Kwa kipimo halisi mnazi mrefu ungefika sentimita 13, lakini sentimita nane zinatosha na haziuzuii mkono unaosogeza vikosi. Kwenye baadhi ya miti ning'iniza mizinga ya nyuki iliyokatwa kutoka kijiti cha meno, kwa kuwa nyuki waliochokozwa na risasi waliingia vitani kweli siku ile, na Infantry ya 98 ndiyo iliyokumbwa nao vibaya. Kampuni za Kijerumani zilizokuwa na bunduki ya zamani ya mwaka 1871, yenye baruti ya moshi, zitengenezee vipande vya pamba vilivyopakwa kijivu chepesi, vya kuweka mbele yao wanapofyatua. Mchezaji atatambua mara moja kwa nini walionekana upesi kuliko wenzao.

Wapagazi

Jeshi lolote la vita hivi lisilo na wapagazi halijakamilika. Kampuni ya Kijerumani ilisafiri na wapagazi wengi kuliko askari wake, na kwa upande wa Waingereza makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kabla ya vita kwisha. Tengeneza walau kitako kimoja kwa kila kampuni, wawe katika mstari mmoja. Hapa ndipo unapopata nafasi ya rangi: shuka nyeupe iliyochakaa, kaniki, kipande chekundu, masanduku ya mbao, mafurushi ya turubai. Mnara wa mashujaa wa mwaka 1928 jijini Nairobi, ulio kando ya Barabara ya Kenyatta, una sanamu ya mpagazi, na inafaa kuiangalia kabla ya kuwapaka hawa. Nyuso zao zipe hatua zilezile ulizowapa askari.

Kuhifadhi

Chini ya kila kitako andika kwa wino jina la kikosi na namba ya mchanganyiko wa rangi uliotumia, ili ukiongeza kampuni mwakani kaki ifanane. Bandika kipande cha karatasi ya sumaku chini ya vitako na uvipange ndani ya kopo pana la biskuti la bati, navyo vitasafiri hata kwenye daladala bila kuanguka. Weka ndani kifuko kimoja cha vile vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja na viatu vipya, na uiache vanishi ikomae siku nzima kabla ya kufunga mfuniko.